Mabara Yakishashikana, Yanagonganaje Tena?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Nimesoma kwamba safu ya milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, ilijengwa na migongano kadhaa ya mabara iliyoachana kwa mamilioni ya miaka. Jambo moja linanitatiza. Mabara mawili yakishagongana na kushikana, yanawezaje kugongana tena mahali palepale? Na mtu anajuaje leo kwamba migongano ilikuwa mitatu au minne, wala si mmoja uliochukua muda mrefu?"

Nimelipenda swali hili kwa kuwa limegusa mahali ambapo vitabu vingi vya shule hupita mbiombio. Vitabu huchora mabamba mawili ya dunia, yaani mapande makubwa ya tabaka gumu la juu yanayobeba mabara na bahari, mishale miwili inayoelekeana, na mlima katikati. Mchoro huo unafaa kwa kuanzia, lakini humwacha mwanafunzi akidhani kwamba mlima ni tukio moja, kama magari mawili yanavyovaana barabarani. Safu kubwa za milima ya kale, karibu zote, ni kazi ya awamu nyingi, na sababu kuu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba bahari inayofungika kati ya mabara mawili makubwa huwa si tupu: ndani yake mna vipande vya ardhi ambavyo hufika ufukweni kimoja baada ya kingine, na kila kinachofika hugonga. Ya pili ni kwamba mahali mabara yaliposhikana hubaki padhaifu kwa muda mrefu mno, hivyo bara likija kupasuka baada ya mamia ya mamilioni ya miaka, mara nyingi hupasukia karibu na hapo. Bahari mpya huzaliwa, na siku ikifungika, mgongano hurudi penye jeraha la zamani. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na katika jiolojia msemo huo ni kweli tupu.

Tuanze na uzito, maana ndio unaoamua kipi kizame na kipi kibaki juu. Chini ya ganda la dunia kuna mantili, tabaka nene la miamba yenye joto kali ambayo, ingawa ni yabisi, husogea polepole sana kadiri mamilioni ya miaka yanavyopita. Mita moja ya ujazo ya miamba hiyo ina takribani tani 3.3. Miamba ya mabara, ambayo kwa sehemu kubwa ni graniti na jamaa zake, ina tani 2.7 hadi 2.8 kwa kipimo hichohicho, na ganda la bara lina unene wa wastani wa kilometa 35 hadi 40. Ganda la bahari ni basalti; unene wake ni kilometa 7 hivi tu, na uzito wake unakaribia tani 3. Likiwa changa bado lina joto na huelea bila taabu. Likizeeka hupoa pamoja na sehemu ya mantili iliyogandamana nalo kwa chini, na bamba zima huwa zito kuliko mantili ya moto inayolibeba, hadi mwishowe hupinda na kuanza kuzama. Ndiyo maana karibu sakafu yote ya bahari zilizopo leo haijafikisha umri wa miaka milioni 200, ilhali mabara yana miamba ya zaidi ya miaka milioni 4,000, kama ile ya Acasta huko kaskazini mwa Kanada. Bahari huzaliwa na kumezwa; bara halimezeki kirahisi.

Sasa chukua mkeka, uweke chungu juu yake, kisha uuvute mkeka huo kupitia upenyo ulio chini ya mlango. Mkeka utapita, lakini chungu kitagota mlangoni. Sakafu ya bahari ndiyo mkeka, na kila kipande chepesi na kinene kilichoketi juu yake ni chungu: visiwa vya volkeno vilivyopangana kama upinde, nyanda za basalti nene zilizo chini ya maji, na vijibara vidogo vilivyokatika kutoka bara kubwa zamani. Vyungu hivyo havifiki mlangoni siku moja. Kimoja kinaweza kutangulia kingine kwa miaka milioni 50 au zaidi, na katikati ya kugota kwa kimoja na kingine kuna kipindi kirefu cha utulivu ambamo mvua na mito hupata nafasi ya kuikwangua milima iliyotangulia kuinuka.

Ili uone kwamba jambo hili si la kubuni, tazama Bahari ya Hindi ilivyo leo, kisha jiulize ingekuwaje kama ingeanza kufungika hadi Afrika na India zikutane. Katikati yao kuna Madagaska, kipande halisi cha bara kilichoanza kuachana na Afrika takribani miaka milioni 160 iliyopita, kisha kikaachana na India karibu miaka milioni 90 iliyopita. Kuna Shelisheli, ambazo graniti yake ina umri wa takribani miaka milioni 750, ushahidi kwamba visiwa vyake vikubwa ni mabaki ya bara wala havikuzaliwa na volkeno za juzi. Kuna pia Komoro na Reunion, ambazo ni volkeno. Kabla India haijaligusa bara la Afrika, vipande hivyo vyote vingekuwa vimegota mahali fulani kwa zamu, na mwanajiolojia wa baadaye angekuta safu moja ya milima yenye ndani yake miamba ya asili nne au tano tofauti. Hivyo ndivyo tunavyoikuta Appalachia, na hivyo ndivyo tulivyoikuta Tibet. Wengi hudhani uwanda wa Tibet uliinuliwa na India peke yake. India ilikuwa ya mwisho katika foleni. Kabla yake, kijibara kinachoitwa Qiangtang kilijiunga na Asia katika kipindi cha Triasiki, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, kisha kikafuata kile cha Lhasa mwishoni mwa Jurasiki au mwanzoni mwa Kretasia, na India ikaja kubisha hodi takribani miaka milioni 50 iliyopita. Kati ya kipande na kipande kuna mshono, yaani utepe mwembamba wa miamba ambayo ni mabaki ya sakafu ya bahari iliyokuwa hapo.

Neno "mgongano" lenyewe linahitaji kuwekwa sawa, kwa sababu linaleta picha ya kasi. Mabamba mengi hutembea sentimeta 2 hadi 10 kwa mwaka, mwendo unaolingana na kukua kwa kucha na nywele. India ilikuwa na haraka isiyo ya kawaida kabla ya kugonga, zaidi ya sentimeta 15 kwa mwaka; ilipogota ilipunguza mwendo hadi karibu sentimeta 5, na bado inasukuma. Mgongano huu umeanza kabla binadamu hajakuwapo na haujaisha.

Kinachotokea wakati huo huanzia chini. Bamba la bahari lililokwisha kuzama limeungana na bara linalolifuata nyuma, kwa hiyo uzito wake hulivuta bara hilo hadi ukingo wake nao uingie kwenye upenyo. Ukingo huo huenda chini sana kuliko watu walivyodhani zamani. Mwaka 1984 wataalamu walitangaza kwamba katika miamba ya Dora Maira, upande wa Italia wa milima ya Alps, na pia huko Norwe, wamepata madini ya koesaiti, ambayo hutengenezwa tu kwa mkandamizo unaopatikana takribani kilometa 90 hadi 100 chini ya ardhi. Miamba hiyo ilikuwa ganda la bara. Ilivutwa hadi kina hicho, kisha bamba zito lililokuwa likiivuta likakatika au likaachia, na wepesi wake ukairudisha juu. Kwangu huu ni miongoni mwa ugunduzi mkubwa zaidi katika taaluma yetu, kwa kuwa ulitulazimisha kukubali kwamba bara linaweza kuzamishwa kwa muda, ingawa haliwezi kumezwa.

Wakati ukingo mmoja unavutwa chini, miamba ya juu hukunjamana, hupasuka na kupandiana, pande moja juu ya pande jingine, kama vigae vya paa vilivyosukumwa kutoka upande mmoja. Ganda lililokuwa na unene wa kilometa 35 hufikia kilometa 70, kama lilivyo sasa chini ya Tibet. Chokaa iliyojilimbikiza chini ya bahari hujikuta kileleni: sehemu ya juu kabisa ya Everest, kwenye mita 8,849, ni mawe ya chokaa ya kipindi cha Ordovisia, zaidi ya miaka milioni 440 iliyopita, yenye visukuku vya viumbe wa baharini.

Turudi sasa Appalachia, kwa kuwa ndiyo iliyozaa swali. Hadithi yake haianzi na mgongano wa kwanza kati ya ile inayotajwa mara kwa mara, bali huanza mapema zaidi, kati ya miaka milioni 1,100 na 1,000 hivi iliyopita, pale mabara ya wakati huo yalipokusanyika kuwa bara moja kubwa tunaloliita Rodinia. Mgongano wa wakati ule, unaoitwa Grenville, uliinua safu ndefu ya milima ambayo mizizi yake bado inaonekana mashariki mwa Kanada na chini ya Appalachia yenyewe. Baadaye Rodinia ikapasuka. Upande mmoja wa ufa likabaki bara tunaloliita Laurentia, ambalo ndilo kiini cha Amerika ya Kaskazini, na miaka kama milioni 600 hadi 550 iliyopita bahari ya Iapetus ikafunguka ukingoni mwake, karibu na mahali milima ya Grenville ilipokuwa imesimama.

Iapetus haikudumu. Ilipoanza kufungika, upinde wa visiwa vya volkeno ulitangulia kufika na kulipanda bara kati ya miaka milioni 470 na 440 hivi iliyopita. Awamu hiyo huitwa Takoniki. Nyuma yake alikuwa anakuja mgeni mwingine, Avalonia, kijibara chembamba na kirefu kilichokatika kutoka ukingo wa Gondwana, bara kubwa la kusini lililojumuisha Afrika na Amerika ya Kusini. Kufika kwake na kwa vipande vilivyoandamana nacho kulisababisha awamu ya Akadia, ambayo kilele chake kiko katika kipindi cha Devoni, yapata miaka milioni 400 hadi 360 iliyopita. Mwishowe Gondwana yenyewe ikafika, na upande wa Afrika ukaigonga Laurentia kati ya miaka milioni 325 na 260 hivi iliyopita katika awamu ya Alegheni, ambayo ndiyo iliyokamilisha Pangaea, bara kuu lililounganisha karibu mabara yote ya dunia. Milima ya wakati huo yaelekea ilikuwa mirefu sana, na mikunjo mizuri ya mawe inayoonekana katika jimbo la Pennsylvania, ile inayoonekana hata kwenye picha za setilaiti kama mawimbi yaliyogandishwa, ni alama ya msukumo huo wa mwisho.

Hapa ndipo jibu la sehemu ya kwanza ya swali linapokaa. Waliokuwa wakigongana hawakuwa wawili walewale. Ukuta wa mlangoni ulikuwa mmoja, yaani ukingo wa Laurentia, lakini vyungu vilikuwa vingi, na kila kilichogota kiligeuka kuwa sehemu ya ukuta ambao kinachofuata kiligota.

Yako pia mabara yaliyoshikana, yakaachana na kugongana upya. Mwaka 1966 mwanajiofizikia wa Kanada, J. Tuzo Wilson, aliuliza kwa maandishi kama Atlantiki iliwahi kufungika kisha ikafunguka tena. Jambo lililomsukuma lilikuwa visukuku. Trilobaiti, viumbe wa baharini wenye gamba waliotoweka zamani, waliopatikana magharibi mwa kisiwa cha Newfoundland walifanana na wale wa Uskoti ya kaskazini-magharibi, ilhali wale wa mashariki mwa kisiwa hichohicho walifanana na wa Wales. Jamii mbili zisizochanganyika katika kisiwa kimoja zina maana kwamba zamani zilitenganishwa na bahari pana; na kwa kuwa leo ziko pamoja, bahari hiyo ilifungika; na kwa kuwa Atlantiki ya sasa imepita mahali pengine kidogo, kila upande umebaki na kipande cha mwenzake. Mfano ulio wazi zaidi ni Florida. Miamba ya kale iliyo chini kabisa ya jimbo hilo, iliyofikiwa kwa kuchimba visima virefu, ni ya asili ya Gondwana na ina undugu na ile ya Afrika Magharibi. Afrika ilipoondoka karibu miaka milioni 200 iliyopita, ufa ulikata nyuma ya mshono, na kipande hicho kikaachwa ng'ambo. Mwenzake na Appalachia kwa upande wetu wa bahari ni mikunjo ya Moroko na ile ya Mauritania na Senegali.

Kwa nini ufa hupendelea penye mshono? Kwa sababu mgongano huacha ganda lililopasukapasuka na lililojaa nyufa zilizoelekea upande mmoja, tena huacha ganda nene lenye madini yanayozalisha joto, na joto hulainisha miamba. Kratoni, yaani viini vya mabara vilivyopoa tangu zamani na vyenye mizizi minene na migumu, havikubali kukatwa. Nguvu inayovuta bara huzunguka pembeni mwake na kupita penye udhaifu. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki linafanya hivyo hadi leo, kwa kuwa limegawanyika matawi mawili, la mashariki na la magharibi, yakizunguka kratoni ya Tanzania na kufuata mikanda ya milima ya kale.

Sehemu ya pili ya swali, yaani tunajuaje, ndiyo ninayoipenda zaidi, na nitaanza na jiwe ambalo mtu yeyote anaweza kuliona kwa macho.

Katika pwani ya mashariki ya Uskoti kuna rasi ndogo iitwayo Siccar Point. Mwaka 1788 James Hutton, Mskoti aliye mmoja wa waasisi wa jiolojia, alifika hapo kwa mashua pamoja na wenzake wawili. Chini, karibu na maji, waliona matabaka ya mawe ya kijivu yaliyosimama wima kama vitabu kwenye rafu. Juu yake, kwa mkato mkali, yamelala matabaka ya mawe mekundu ya mchanga, yaliyoinama kidogo tu. Ukikaribia mkato huo unaona vipande vya jiwe la kijivu vimenaswa ndani ya lile jekundu, kama kokoto ndani ya zege. Soma sasa mfuatano huo polepole. Mawe ya kijivu yaliwekwa chini ya bahari yakiwa yamelala, kwa kuwa matope na mchanga havitui wima. Kitu kiliyakandamiza hadi yakasimama. Yakainuliwa juu ya maji, yakakwanguliwa na mvua na mito hadi pakawa tambarare, na vipande vyake vikazagaa juu ya ardhi. Ndipo mito iliyokuja baadaye ikamwaga mchanga mwekundu juu yake. Hayo yote yametendeka ndani ya mstari mmoja ambao unaweza kuufunika kwa kiganja. Leo tunajua kwamba mawe ya chini yana umri wa takribani miaka milioni 435 na ya juu takribani milioni 370, kwa hiyo mkato huo umebeba miaka kama milioni 65, na tukio lililoyasimamisha mawe ya kijivu ni kule kufungika kwa Iapetus. Hutton hakuwa na tarakimu hizo. Alikuwa na macho na subira.

Mkato wa aina hiyo ndio ushahidi wa kwanza wa awamu. Ukikuta katika safu moja mikato miwili ya namna hiyo, mmoja chini na mwingine juu, huwezi tena kusema mgongano ulikuwa mmoja mrefu, kwa maana katikati palikuwa na amani ya kutosha kusawazisha milima na kuweka matabaka mapya.

Mahali ambapo mikato imefutwa na joto tunageukia punje za zirkoni. Hii ni fuwele ngumu ambayo katika graniti nyingi huwa na upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimeta. Inapokua huikubali urani ndani yake lakini huikataa madini ya risasi. Kwa hiyo risasi yote inayokutwa ndani yake baadaye, au karibu yote, imetokana na urani iliyooza, yaani iliyogeuka yenyewe polepole kuwa risasi. Urani ina aina mbili zinazooza kwa mwendo tofauti: moja hupungua kwa nusu kila miaka milioni 4,470, nyingine kila miaka milioni 704. Hizo ni saa mbili ndani ya punje moja, na zikikubaliana, mtaalamu hupata imani. Jambo zuri zaidi ni kwamba zirkoni haisahau. Mwamba unapopashwa moto tena katika mgongano wa pili, punje ya zamani haiyeyuki yote, bali huvikwa ganda jipya juu ya kiini chake, kama mti unavyoongeza pete. Ukiikata na kuipiga picha kwa mwale wa elektroni, pete huonekana wazi, na kwa mwale mwembamba wa leza unaweza kupima umri wa kila pete peke yake kwa kutoboa shimo lisilofikia nusu ya upana wa unywele. Kiini cha miaka milioni 1,050, pete ya 455, na ukingo wa 300 vikikutwa katika punje moja ya Appalachia, hapo tunakuwa tumesoma migongano mitatu katika kitu ambacho mtu hawezi kukihisi kwa ncha ya kidole.

Ganeti, lile jiwe jekundu la vito, hutusaidia kwa njia nyingine. Mchanganyiko wa kemikali zake hubadilika kadiri joto na mkandamizo vinavyobadilika, hivyo kutoka katikati hadi ukingoni huandika safari ya mwamba wake kwenda chini na kurudi juu. Nimewahi kutazama kwa hadubini ganeti ambayo sehemu yake ya ndani ilikuwa imelika pembeni, ukingo wake umechongokachongoka, kisha sehemu mpya ikaota juu ya uharibifu huo. Safari ya kwanza ilikuwa imeisha na jiwe likaanza kuharibika. Safari ya pili ikalikuta lilipo.

Nakiri kwamba mipaka ya awamu si safi kama majina yake yanavyodokeza. Mgongano hauanzi siku moja katika safu nzima. Taiwan inatuonyesha hilo kwa sasa: upinde wa volkeno wa Luzon ulianza kuigonga pembe ya Asia miaka michache ya milioni iliyopita, na kwa kuwa upinde na ukingo wa bara havikuelekeana sawasawa, kugota kulianzia kaskazini na kunaendelea kuelekea kusini kama zipu inayofungwa. Kaskazini ya kisiwa mgongano umekwisha pita, katikati uko katika kilele chake, na kusini ndio kwanza unaanza. Mtu atakayepima miamba hiyo baada ya miaka milioni 300 atapata tarehe tofauti kutoka ncha hadi ncha, na kama si mwangalifu atahesabu migongano miwili mahali palipokuwa na mmoja. Kwa hiyo swali lako la "mmoja mrefu au mingi" ndilo swali ambalo wataalamu wenyewe hubishania, na kinachoamua mara nyingi ni hicho kipindi cha utulivu: je, kuna ushahidi kwamba katikati bahari ilikuwapo na matope yakatua?

Hukuuliza kwa nini Appalachia leo ni mifupi, lakini nadhani lilikuwa nyuma ya swali lako, maana kilele chake kirefu zaidi, Mlima Mitchell, kina mita 2,037 tu. Mlima huelea juu ya mantili kama jahazi: kadiri sehemu ya juu ilivyo kubwa, ndivyo mzizi wa chini ulivyo mrefu. Mmomonyoko unapoondoa kilometa moja ya mawe juu, mzigo hupungua na mzizi huinuka zaidi ya mita 800. Kwa hiyo ili kilele kishuke kilometa moja, mito lazima ikwangue kilometa sita hivi. Hiyo ndiyo sababu milima hudumu muda mrefu kuliko akili inavyotarajia, na ndiyo sababu pia miamba iliyopikwa kilometa 25 au 30 chini ya ardhi leo iko juu ambapo tunaweza kuigonga kwa nyundo.

Mfano wa milima iliyokwanguliwa hadi mizizini ni ule mkanda ambao mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes aliuita, mwaka 1951, Mkanda wa Msumbiji. Unapita mashariki mwa Afrika na kuungana kaskazini na miamba ya Sudan, Eritrea, Misri na Arabuni, na ulikamilika takribani kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, vipande vya Gondwana vilipokuwa vikikusanyika. Kaskazini umejaa mabaki ya pinde za visiwa na sakafu za bahari zilizopandishwa nchi kavu. Kusini kuna ganda la bara la kale lililopikwa upya, na ndani yake, katika ukanda wa Usagara, mna mabaki ya mgongano wa mapema zaidi, wa karibu miaka milioni 2,000 iliyopita. Tanzanaiti ya Merelani ilizaliwa katika joto la mkanda huo. Lakini urefu wa Pare, Usambara na Uluguru usidhani ni ule wa wakati wa Gondwana: mizizi ilikuwa imekwisha sawazishwa, kisha mipasuko iliyokuja baadaye sana ikayainua mapande yake upya. Umri wa miamba na umri wa kilele ni vitu viwili, na kuvichanganya ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote.

Ukitaka kuona awamu ya kwanza ya safu mpya ikiandikwa sasa, tazama Timor. Australia inakwenda kaskazini karibu sentimeta 7 kwa mwaka, na ukingo wake wa mbele umekwisha ingia chini ya upinde wa visiwa vya Banda. Timor imeinuliwa na kugota huko, kiasi kwamba miamba ya matumbawe iliyoota chini ya maji leo iko mamia ya mita juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake bado kuna Sulawesi, Borneo na bara zima la Asia, na kati yao maji.